Aliyenusa Maji

Katika gereji yetu hapa Toongabbie kuna sanduku lililohama nasi nyumba tatu bila kufunguliwa. Mwezi uliopita binti yetu alitaka nafasi ya baiskeli, likafunguliwa, na ndani tukakuta nakala ya marehemu baba ya Mashimo ya Mfalme Sulemani. Jalada limeliwa na mende, kurasa zote zipo. Tuliisoma usiku huohuo mpaka saa nane.

Wengi wetu tunakijua kitabu hiki hata kama jina la mwandishi limetutoka. Ni riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard, iliyotoka 1885, ikafasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929, na wazee wetu wakaisoma shuleni. Wazungu watatu wanavuka jangwa kumtafuta ndugu wa mmoja wao aliyepotea. Ng'ambo ya jangwa, nyuma ya milima yenye theluji, wanakuta nchi iliyofichika, ina jeshi, barabara na mji wa mfalme dhalimu. Utotoni tulivuka pamoja nao na kiu yao ikatukausha koo. Hatukujiuliza hata siku moja sisi tungekuwa nani katika msafara ule.

Safari hii tulijiuliza. Yumo humo Ventvögel, Mkhoikhoi, fundi wa kufuata nyayo. Maji yamekwisha, watu wanangoja kufa, naye anaonyesha nyayo za swala na kusema mnyama huyo hakai mbali na maji. Kisha anainua pua na kusema ananusa maji. Msimulizi, Quatermain, hamwamini. Maji yanapatikana kweli, juu ya kilima. Siku chache baadaye Ventvögel anakufa kwa baridi pangoni. Wenzake wanamwacha amekaa palepale, wanaendelea na safari.

Sisi wahandisi tuna mazoea ya kusoma mkataba kabla ya mchoro, basi tukarudi kurasa za mwanzo. Quatermain, kabla ya kukubali kwenda, anadai pauni 500 mkononi, na hati kwamba akifa au akilemaa, mwanawe anayesomea udaktari London atalipwa pauni 200 kila mwaka kwa miaka mitano. Hatumlaumu, baba yeyote mwenye akili angefanya hivyo. Lakini Ventvögel naye alikuwa mtoto wa mtu, na kwa ajili yake hakuna kifungu.

Mtu atasema hiyo ni hadithi ya kubuni. Haya, tutazame ya kweli, ya hapahapa Australia. Mwaka 1860 msafara wa Burke na Wills uliondoka Melbourne na ngamia kuvuka bara hili kutoka kusini hadi kaskazini. Waliporudi Cooper Creek, Aprili 1861, wenzao waliokuwa wakiwasubiri walikuwa wameondoka asubuhi ya siku ileile. Burke na Wills walidhoofika na kufa, huku wakila unga wa nardoo ambao hawakujua kuuandaa kama wenyeji. Aliyepona ni John King, kwa sababu watu wa Yandruwandha walimchukua wakamlisha, mpaka kikosi cha Howitt kilipomkuta Septemba. Burke na Wills walisimamishiwa sanamu kubwa Melbourne mwaka 1865. Yandruwandha walipewa vibao vya shaba vya kuvaa shingoni.

Na hilo neno "kufichika" nalo lina dhambi yake. Gedi, karibu na Malindi, ina msikiti, jumba la mfalme na visima vilivyojengwa kwa ustadi ambao fundi yeyote atauheshimu. John Kirk alifika pale mwaka 1884, na James Kirkman akaanza kuchimba mwaka 1948. Vitabu viliuita mji uliopotea. Wagiriama waliokuwa wakiishi kando yake hawakuwa wameupoteza.

Tulikuwa tayari kufunga kitabu na kumhukumu Haggard. Kilichotuzuia ni kukumbuka hotuba yetu wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliombwa kuzungumza na vijana waliofika karibuni kutoka nyumbani. Tukawaeleza tulivyokuja na begi moja, tukafanya usafi maofisini usiku, tukapigania shahada itambuliwe, tukanunua nyumba. Makofi yakapigwa. Hatukumtaja dereva wa basi, Mhindi wa Fiji, aliyetukuta tumesimama kituo cha Toongabbie kwenye mvua na anwani isiyo sahihi, akatupa chumba cha uani kwa miezi mitano na kukataa kodi. Ndiye aliyetwambia wapi pa kupeleka vyeti. Alifariki, nasi tukapata habari baada ya wiki tatu.

Je, tulimkosea? Yeye hakudai kitu, na marehemu hahitaji makofi. Tumelifikiria sana hili, na kwa maoni yetu aliyekosewa zaidi ni yule kijana aliyekaa safu ya nyuma. Tulimpa mchoro usioonyesha kisima. Atakapopatwa na kiu, ataamini kwamba wenzake walivuka peke yao, na ataona haya kuomba. Katika riwaya ile, hata yule Mreno wa mwaka 1590, aliyechora ramani kwa damu yake huku akifa, hakusahau kutia alama mahali penye maji, na akaandika kwamba ni maji mabaya.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa mjane wake, mitaa miwili tu kutoka kwetu. Tumepita mlangoni pake miaka yote hii. Alituita "beta", mwanangu, akatuwekea chai. Tulianza kujieleza, akatukatisha kuuliza kama sisi ndio tuliokuja na viatu vyeupe vilivyolowa. Tukasema ndiyo. Tukamuuliza kama mzee aliwahi kumweka mtu mwingine katika chumba kile cha uani. Akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza upya. Wawili kati yao tunawafahamu. Huwa tunakutana nao kila Idi na kila harusi, na hawajawahi kututajia.