Kitanzi cha Kalamu

Kifuko cha Biblia yangu kina zipu, na ndani kitanzi cha kalamu. Miaka miwili kitanzi hicho kilishika sigara. Kioski moja hapa Garissa kiliniuzia moja moja, ingawa sheria ya tumbaku ya 2007 hairuhusu pakiti yenye chini ya sigara kumi. Jirani yangu yake huiweka nyuma ya sikio. Nilimhukumu sana, mimi mzee wa kanisa! Lakini nani kati yetu alikuwa mbaya zaidi? Yake ilionekana, mkewe alimuuliza, akajibu. Yangu nani angeiuliza? Jumapili moja binti yangu alifungua zipu akitafuta kalamu. Akaifunga polepole. Sigara nimeacha, lakini kalamu haniombi tena.