AKILI NI AMANA: MAS'ALA YA DAWA YA KULAZA ITUMIWAYO NYUMBANI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemtukuza binadamu kwa akili, na rehema na amani zimshukie Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Iko dawa iitwayo ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962, ikaruhusiwa huko mwaka 1970 kulazia wagonjwa wa kupasuliwa. Manufaa yake ni makubwa, na hospitali nyingi za Afrika Mashariki zaitumia hata leo. Baadaye matabibu wakaona ya kuwa kipimo kidogo chake huweza kumpunguzia mtu ugonjwa wa huzuni nzito, ule umfanyao achukie uhai wake, kwa muda wa saa chache, hali dawa zilizozoeleka hukawia majuma. Mwaka 2019 serikali ya Marekani ikaruhusu dawa ya jamii yake, ya kupuliziwa puani, kwa sharti itumiwe mbele ya wauguzi, na mgonjwa aangaliwe si chini ya saa mbili.

Kisha mwaka 2020, kwa sababu ya korona, sharia ya huko ikalegezwa, tabibu akaweza kuandika dawa za namna hii pasina kuonana na mgonjwa uso kwa uso. Wakatokea wafanya biashara wapelekao ketamini majumbani, ya kuyeyushwa kinywani. Hapo ndipo ilipozuka mas'ala: je, yafaa mtu kujiondolea akili nyumbani kwake kwa ajili ya kujitibu?

Wako wasemao haifai kabisa, kwani kila chenye kulevya ni haramu. Kauli hii ina haraka. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, alisahihisha kujuzu dawa yenye kuondoa akili kwa mwenye kukatwa kiungo kilichooza. Ikiwa mkono wapewa rukhsa hiyo, basi mtu aliyezama katika huzuni hata akatamani kufa hastahiki kufungiwa mlango.

Na wako wasemao: mwili ni wangu na nyumba ni yangu, nani wa kunizuia? Hawa nao wamepotea, kwani akili ni amana, na mwenye amana hana ruhusa ya kuiacha njiani bila ya mlinzi.

Na khatari zenyewe si za kudhania. Dawa hii hupandisha damu na mapigo ya moyo, huleta kichefuchefu, humfanya mtu ajione yu nje ya mwili wake, na ikizidi hulegeza pumzi. Mwenye kuizoea huitamani, na kibofu chake huweza kuharibika. Mwezi wa Oktoba 2023 idara ya dawa ya Marekani ilitoa onyo, ikataja mgonjwa aliyeitumia nyumbani, pumzi zikampungua, na kiasi kilichokutwa katika damu yake kilikuwa kama mara mbili ya kile cha kulazia watu. Mwezi huo huo mwigizaji Matthew Perry alikutwa amekufa majini nyumbani kwake. Alikuwa amepata tiba hii kwa matabibu, lakini kiasi kilichomuua hakikutokana na tiba ile.

Tazama basi ilipo tafauti. Dawa ni ile ile. Kilichokosekana ni jicho la mtu mwingine. Aliyeondokewa na akili hawezi kujua kwamba pumzi zake zinapungua, wala hawezi kuita mtu.

Atasema mwenye kuuliza: na maskini aishiye mbali na hospitali, asiyeweza gharama yake, aachwe afe? La. Lakini umasikini hauondoi haja ya mlinzi, bali wazidisha wajibu wa kumpatia. Nyumba si haramu. Upweke ndio wenye kuua. Apimwe kwanza moyo wake na damu yake, na awepo karibu naye mwenye kujua la kufanya pumzi zikipungua. Asipopatikana mtu huyo, basi tiba hiyo ingoje, na jamaa wasimwache peke yake katika kungoja huko.

Ama mwenye kuuza dawa hii pasina kumjua mgonjwa wala kumwekea mlinzi, ajue ya kuwa sharia humtia dhamana mwenye kujitia utabibu asio nao. Thamani aliyoipokea haimvui dhamana hiyo.

Wallahu aalam.