Maajabu ya Dunia: Mizani Iliyofichwa Ndani ya Sikio

Tarehe 27 Julai 2021, katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwanajimnastiki Simone Biles wa Marekani alikimbia kuelekea meza ya kurukia kama alivyofanya maelfu ya mara tangu utotoni. Alikusudia kujizungusha mara mbili na nusu hewani kabla ya kutua. Akazunguka mara moja na nusu tu, mwili ukafunguka kabla ya wakati, akatua amechuchumaa na nusura apige magoti. Watazamaji walidhani amekosea kama wanavyokosea wengine. Yeye alijua ni zaidi ya hapo: kule juu hakujua yuko wapi. Juu ni wapi, chini ni wapi, imebaki mizunguko mingapi, yote yalikuwa yamemtoka. Akajiondoa mashindanoni.

Walikuwapo watu, tena wengine wakiwa na maikrofoni mbele yao, waliosema ameogopa. Ningependa mmoja wao avuke mto wa Walikale, huku kwetu Kivu, usiku, bila taa, juu ya gogo moja lililoloa mvua, na akifika katikati aambiwe kwamba kulia kumekuwa kushoto. Baada ya hapo atoe hukumu.

Kilichomtoka Biles siku ile ni kipawa ambacho kila mmoja wetu anatembea nacho bila kukishukuru. Hatukioni, hatukisikii, wala hakimo katika ile milango mitano ya fahamu tuliyokaririshwa shuleni.

Ndani ya mfupa ulio nyuma ya tundu la sikio, mfupa mgumu kupita yote ya fuvu, Muumba ameweka chombo kidogo kinachoweza kulala juu ya ukucha wa kidole gumba. Kina mifereji mitatu iliyopindwa, na upana wa ndani wa kila mfereji haufiki milimita moja. Mmoja unahisi kichwa kinapoitikia ndiyo, mwingine kinapokataa, wa tatu kinapoinamia bega. Mifereji hiyo imejaa majimaji. Geuza ghafla beseni lenye maji: beseni linageuka, maji yanachelewa kulifuata. Kichwa nacho kikigeuka, majimaji yale yanabaki nyuma kidogo, yanapinda vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na ubongo unapata habari kwamba tumegeuka, kwa upande gani na kwa kasi gani. Karibu na mifereji vipo vifuko viwili vyenye chembe za kalsiamu kabonati, madini yale yale yanayojenga ganda la yai. Chembe hizo zinavutwa na uzito wa dunia. Ndiyo maana hata gizani, macho yakiwa yamefumbwa, unajua chini ni upande gani.

Jaribu hapo ulipo, ndugu msomaji. Tuliza kichwa, kisha tikisa ukurasa huu kushoto na kulia upesi: maandishi yanavurugika. Sasa tuliza ukurasa utikise kichwa kwa kasi ile ile: unasoma bila shida. Sikio limeyaamuru macho yageuke kinyume cha kichwa, ndani ya muda wa takriban sehemu moja ya mia ya sekunde, nawe hukuombwa ruhusa. Fundi gani wa duniani angetengeneza kitu cha namna hiyo, akakifunga ndani ya mfupa, kikafanya kazi miaka 70 bila kufunguliwa?

Sisi wa huku tumekifahamu chombo hiki kwa njia nyingine, chungu kidogo: kinini. Ni nani aliyekulia katika msitu wa Walikale, wenye mbu wake na malaria yake, asiyewahi kuwekewa serumu ya kinini au kumuuguza aliyewekewa? Masikio yanalia, sauti za watu zinatoka mbali, na ukijaribu kusimama nyumba inazunguka. Dawa hiyo, ambayo mti wake umelimwa Kivu tangu enzi za Wabelgiji, inalisumbua sikio la ndani kwa muda. Mgonjwa anashika kingo za kitanda asianguke, ilhali hajasogea hata kidogo. Kwa Biles chanzo kilikuwa kingine. Sikio lake lilikuwa zima, na kilichokatika ni mapatano kati ya mwili na akili. Lakini aliyelala akiona dari linazunguka anaweza kukisia hofu ya mtu aliyekumbwa na hali kama hiyo akiwa hewani, kichwa chini miguu juu.

Sasa twende kwenye mteremko wa Mushaki, barabara inayoshuka kutoka vilima vya Masisi hadi Sake. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inakuja imejaa viazi au mbao, uzito ambao wanaume kadhaa wangeshindwa kuuinua, na juu yake kijana mmoja, goti moja kwenye chombo, mguu mwingine ukitafuta kile kipande cha mpira kinachobanwa kwenye gurudumu la nyuma kuwa breki. Kwenye kona analaza mwili upande mmoja, chukudu inamfuata, mbao zinabaki mahali pake. Hakuna aliyempa hesabu. Ubongo wake wa nyuma, ule ulio juu ya kisogo, ambao peke yake una zaidi ya nusu ya chembe zote za neva za ubongo, umeshapiga hesabu hiyo kabla yeye hajaiona kona.

Au mtazame mama anayetoka shambani na gunia mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Kichwa chake kimevutwa nyuma na mzigo, hawezi kukigeuza apendavyo, macho yanaona hatua chache tu mbele. Mbele yake kuna gogo lililotupwa juu ya kijito. Anapita. Nyayo zinapima utelezi, misuli ya vifundo inasahihisha, sikio linatangaza kila mwinamo. Boriti ya wasichana wa jimnastiki ina upana wa sentimita 10, urefu wa mita 5, nayo imeinuliwa sentimita 125 kutoka chini. Wanaipanda wakiwa hawana mzigo, na chini yake pametandikwa magodoro. Sisemi hivyo kumpunguzia Biles heshima. Nasema waamuzi wa Tokyo wangemwona mama huyu wangejua cha kuandika.

Katika msitu huo huo wa Walikale wanaishi ngagi wa nyanda za chini za mashariki, ambao hawapatikani popote duniani nje ya Kongo yetu, na sokwe wanaorukaruka matawini. Ungedhani hao ndio wangepewa mizani bora kuliko sisi. Lakini wachunguzi waliopima mifupa ya sikio, Fred Spoor na wenzake, walionyesha mwaka 1994 kwamba ile mifereji miwili ya wima ni mikubwa zaidi kwa binadamu kuliko kwa ngagi na sokwe. Sababu wanayoitaja ni kwamba sisi tunasimama. Kiumbe anayetembea kwa miguu miwili yuko katika hatari ya kuanguka kila hatua, hivyo amepewa kipimo kikali cha kuinama mbele, nyuma na pembeni. Na mifereji hiyo hiyo ndiyo inayohisi mwili unapopiga kichwangomba. Tulipewa ili twende shambani na kurudi salama, na ndani ya zawadi hiyo kulikuwa kumewekwa akiba ambayo wengi wetu hatutaifikia kamwe.

Simone Biles aliifikia. Alizaliwa Columbus, Ohio, tarehe 14 Machi 1997. Mama yake alishindwa kuwalea watoto wake kwa sababu ya ulevi na dawa za kulevya, wakachukuliwa na watu wa malezi. Babu yao Ron na mkewe Nellie wakamchukua Simone na mdogo wake Adria, wakawalea Texas kama watoto wa kuwazaa. Huku kwetu, ambako karibu kila nyumba ina mtoto wa ndugu aliyeletwa na vita au msiba, habari hiyo haihitaji maelezo. Alipokuwa na miaka 6, watoto wa kituo alikokuwa akishinda walipelekwa kutembelea ukumbi wa jimnastiki. Akaanza kuiga alichokiona, na makocha wakamwona.

Hakukua mrefu: sentimita 142. Kwa kazi yake ufupi ni mtaji. Mtu akishaacha ardhi, hakuna nguvu anayoweza kuongeza kwenye mzunguko wake. Alichochukua miguuni ndicho alicho nacho mpaka atakapotua. Kilichobaki mkononi mwake ni umbo. Akikunja mikono kifuani anazunguka upesi, akiinyoosha anapunguza. Mwili mfupi wenye misuli minene unatii sheria hiyo kwa wepesi, na muda wote wa kuitii ni kama sekunde moja. Katika sekunde hiyo Biles amewahi kupindua mara mbili na kujizungusha mara tatu kwa pamoja, juu ya zulia la mita 12 kwa 12, akashuka kwa miguu. Mtindo huo umepewa jina lake, mmoja kati ya mitano inayoitwa kwa jina la Biles katika kanuni za mchezo: miwili ya zulia, miwili ya meza, mmoja wa kushukia kwenye boriti. Huo wa boriti shirikisho la kimataifa liliupa pointi chache mwaka 2019, likieleza kwamba halitaki wasichana wengine wavunjike shingo wakimwiga. Binafsi naona ni ajabu kumpunguzia mtu alama kwa sababu anaweza.

Medali nitazipitia haraka, maana magazeti yamezichosha. Ubingwa wa kwanza wa dunia ulikuwa Antwerp mwaka 2013, akiwa na miaka 16. Rio mwaka 2016 dhahabu 4 na shaba 1. Doha mwaka 2018 alishindana huku akisumbuliwa na jiwe la figo, akawa bingwa tena. Jumla ni medali 30 za dunia, 23 zikiwa za dhahabu, na 11 za Olimpiki, 7 zikiwa za dhahabu.

Pana jambo ambalo si la kupita haraka. Daktari wa timu yao, Larry Nassar wa Michigan, aliwadhulumu kingono mamia ya wasichana kwa miaka mingi, na Biles alikuwa mmoja wao. Tarehe 15 Septemba 2021, wiki chache baada ya Tokyo, aliketi mbele ya maseneta wa Marekani akasema hivyo kwa sauti inayotetemeka. Nilipofika hapo niliwakumbuka watu wa barabara ya Kibua hadi Mpofi. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya Walikale, Luvungi kikiwamo, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa, wanawake kwa wanaume, hata watoto. Kuna walionusurika waliokubali kusimama na kutoa ushahidi, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Goma ilimhukumu mkuu wa waasi Ntabo Ntaberi Sheka kifungo cha maisha. Anayeustaajabia mwili wa binadamu kama kazi ya mikono ya Mungu hawezi kunyamaza unapochafuliwa, iwe Michigan au Luvungi.

Kule Tokyo, baada ya kujiondoa, Biles alitafuta ukumbi wa Chuo Kikuu cha Juntendo, akajiangusha juu ya magodoro laini siku baada ya siku, akiufundisha mwili wake upya. Tarehe 3 Agosti alirudi kwenye boriti. Aliacha mshuko wake wenye kujizungusha, akachagua wa kupindua tu, akapata shaba. Miaka mitatu baadaye, Paris, akiwa na miaka 27, alichukua tena dhahabu ya mashindano ya jumla. Ilikuwa imepita miaka 72 tangu mwanamke mwenye umri mkubwa kuliko huo ashinde.

Ni huko huko Paris ambako Kaylia Nemour wa Algeria alishinda dhahabu ya vyuma viwili, medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Afrika katika jimnastiki. Mwaka 2024! Bara lenye watoto wengi kuliko yote kwa uwiano wa watu wake, na watoto hao wanapindukapinduka kutwa nzima. Mtoto wa Kitchanga au wa Pinga ana mifereji ile ile mitatu, chembe zile zile za chokaa, ubongo wa nyuma ule ule. Anachokosa ni godoro la kutulia, mwalimu, chakula cha kujenga misuli, na miaka kadhaa mfululizo bila kukimbia bunduki. Januari 2025 vita vilifika Masisi mjini, Machi vikafika Walikale mjini. Mlipuko wa bomu, tena, unaweza kuliharibu sikio la ndani, usikivu na mizani kwa pamoja.

Kwenu walimu wa shule zetu, na wazazi mnaoishi karibu na nyasi za Masisi: mkimkuta mtoto akipiga vichwangomba, msimfukuze kwa fimbo. Mwelekezeni atue kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Mkatazeni kurukia nyuma kwenye mteremko au penye mawe. Na akitaka kujaribu jambo jipya, awepo mtu mzima wa kusimama karibu na kumdaka. Asione aibu kwa hilo. Antwerp, Oktoba 2023, Biles aliporuka kwa mara ya kwanza katika mashindano ya dunia ule mruko wa meza uliobeba jina lake, kocha Laurent Landi alikuwa amesimama juu ya godoro kando yake, na bingwa huyo alikuwa amekubali mapema kukatwa nusu pointi kwa sababu hiyo.