Bahari ni Tohara, Lakini Si Jaa

 

Ndugu Waislamu, wako miongoni mwetu ambao samaki wakiadimika husema kwamba bahari ina wenyewe na wenyewe wamekasirika, wakataka achinjwe mnyama ufukoni na ufukizwe ubani. Wengine husema ni kudura, wakanyamaza. Kauli ya kwanza ni shirki, wala hatuna haja ya kuirefushia maneno. Ya pili ni ya mvivu aliyejifunika nguo ya tawakali. Maana Mwenyezi Mungu hakuumba kitu ila kwa kipimo, naye ametuamrisha kuzitazama ishara zake. Natuzitazame basi.

Mtu akichota kikombe cha maji katika hori la Tudor, jicho lake halioni kitu. Kumbe mna viumbe wasiohesabika, wengine mimea, wengine wanyama, wasioweza kushindana na mkondo, bali huchukuliwa uendako. Wataalamu huwaita planktoni. Mimea yao hujifanyia chakula kwa mwangaza wa jua kama ufanyavyo mnazi, na karibu nusu ya kazi hiyo katika ulimwengu mzima hufanywa na mimea hiyo ya baharini. Wanyama wadogo huila, dagaa huwala hao, na jodari huwala dagaa. Subhana-llah! Jodari mzima amesimama juu ya kitu kisichoonekana.

Mimea hiyo yahitaji mwangaza, nao uko juu. Na yahitaji mbolea, nayo nyingi iko chini kizani. Pepo ndizo ziamuazo baina ya viwili hivi. Wakati wa kusi mawingu hutanda, mkondo hukimbia kuelekea kaskazini kwa nguvu, na maji huchanganyika mpaka chini sana, mimea ikashushwa pasipo na mwangaza wa kutosha. Kaskazi ikishika, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari hutulia, maji ya moto hukaa juu, na mwangaza huwa tele. Ndipo huzidi mmea mmoja uwezao kujitengenezea mbolea kwa naitrojini ya hewa. Huonekana juu ya maji mistari mistari, kama unga wa msumeno. Na upande wa Lamu, mkondo wa Somalia hugeuka kuja kusini ukakutana na wetu, na maji yenye rutuba hupanda. Wazee wetu wavuvi hawakuwa na darubini, lakini walijua kwamba msimu wa kaskazi ndio wa kuvua.

Ndani ya mahori mambo ni mengine. Masika hushusha udongo na mbolea kwa mito ya bara, na mimea midogo yenye magamba ya kioo, iitwayo diatomu, huzaana. Hiyo ni neema yenye kadiri. Lakini juu yake sisi tumemimina vyoo vyetu. Mbolea ikipita kiasi hainufaishi mimea yote sawasawa. Huzidi michache, ikawashinda wenzake, na ikifa huoza na kuimaliza oksijeni ya maji. Mwanzo wa mwaka 2002 samaki wengi walikufa upande wa Kiunga na Somalia, na wataalamu walinasibisha jambo hilo na mimea ya namna hii iliyozidi. Hatusemi kwamba hayo yaliletwa na vyoo. Twasema viumbe hivi si vya kuchezewa.

Hapa huambiwa: "Bahari ni tohara, haichafuki." Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya kutawadha kwa maji ya bahari aliyahukumia utohara. Lakini aliulizwa juu ya udhu, hakuulizwa juu ya jaa! Kufaa kwa udhu si ruhusa ya kudhuru, na yeye ndiye aliyekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Je, maji yaliyozuiwa kwa tuta yana hukumu gani?

Nasi twaijua Makupa. Tangu zamani za ukoloni tuta lilikata maji yasipite baina ya Tudor na Port Reitz, na Kibarani pakawa jaa la mji kwa miaka mingi. Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa mahali pa tuta, maji yakapata kupita tena. Serikali imefungua njia ya maji; vya majumbani vimebaki juu yetu.

Kwa hiyo twawaomba wasimamizi wa misikiti ya Mji wa Kale wayakague mabomba yao. Msikiti ambao bomba la vyoo vyake laelekea baharini, uchangiwe kwanza fedha za shimo la maji machafu, ndipo zichangwe za mnara.