Hofu ya Mwenye Bunduki

Sisi wa Kasongo na Kabambare twajua maana ya kukimbia bunduki. Wengi wetu tumelala porini na watoto, tumeacha nyumba na mashamba. Basi tukisikia kwamba ndugu fulani amefika Marekani na jamaa yake, twamshukuru Mungu na kusema: Huyu amepona.

Ndivyo walivyotumaini wazazi wa Patrick Lyoya. Walikimbia vita vya Kongo, wakafika Marekani mwaka 2014. Tarehe 4 Aprili 2022, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, polisi Christopher Schurr alisimamisha gari la Patrick, kwa kuwa namba yake haikuwa ya gari lile. Patrick alikimbia. Wakashikana, wakanyang'anyana chombo cha polisi cha kumpigia mtu umeme. Mwishowe Patrick alikuwa kifudifudi chini, polisi yu juu yake, akampiga risasi moja ya kichwa. Alikuwa na miaka 26, wala hakuja na silaha.

Schurr alishtakiwa kwa kuua, akaachishwa kazi. Barazani alisema alihofia maisha yake. Mwezi wa Mei 2025 wananchi waliochaguliwa kuamua kesi hawakupatana, na mshtaki wa serikali akasema haitarudiwa.

Basi twauliza: Je, hofu yatosha kumpa mtu ruhusa ya kuua?

Tusijibu upesi. Anayevamiwa ana haki ya kujikinga. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha hivyo tangu zamani, lakini aliweka kipimo: nguvu isizidi ile inayohitajiwa. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, «Uliogopa?» Yapasa kuuliza pia, «Hapakuwa na njia nyingine?» Kama hofu peke yake ingetosha, mwoga angekuwa na ruhusa ya kuua kuliko shujaa, na mwenye kuogopa wageni kuliko wenyeji angekuwa na haki ya kuua wageni kuliko wenyeji. Nani atakubali sheria ya namna hiyo?

Mwingine atasema: Kijana angetii, angekuwa hai. Ni kweli, kutii wenye mamlaka ni wajibu, na wazazi wawafundishe watoto wao. Lakini adhabu ya kukimbia si kifo. Tena polisi amepewa silaha, mafundisho na mshahara ili avumilie hatari ambayo raia haombwi kuivumilia. Uvumilivu huo ndio kazi yake.

Msiba huu haukumwangukia Patrick peke yake. Baba yake alisema uchungu wake mbele ya watu kwa Kiswahili, lugha yetu hii, mtu mwingine akifasiri. Wakongo wa mji ule waliandamana njiani pamoja na wenyeji. Mkimbizi huikimbilia sheria kama kifaranga akimbiliavyo bawa la mama yake. Akiumizwa hapo, akimbilie wapi tena? Akiibiwa, ataogopa kumwita polisi. Mwanawe akisimamishwa njiani, atatetemeka. Na mwenye kutetemeka ni rahisi kukimbia. Hivyo hofu ya mmoja huzaa hofu ya mwingine, na wote wawili huwa hatarini.

Na sisi huku? Nchi yetu imepokea wageni tangu siku za misafara. Kiswahili chenyewe kilitufikia kwa njia hiyo. Hata hivyo, mgeni akipita usiku, mmoja akapiga kelele «Mwizi!», nasi twashika marungu. Je, hofu yetu ni bora kuliko ya polisi yule? Kabla ya kuinua mkono, tumwulize mtu jina lake na atokako. Tumwombee Patrick, wazazi wake, na polisi yule pia, kwa maana wote ni wa Mungu. Lakini tukisha kuomba, tusiache kuuliza kama hapakuwa na njia nyingine.