Je, Ni Haki Kumhukumu Mtu kwa Mkoa Wake?

Nchi ya Kongo ni kubwa sana. Mtu aondokaye Banana penye bahari, akisafiri hata Uvira penye ziwa Tanganyika, hupita misitu, mito na mbuga, na njiani husikia lugha nyingi asizozielewa. Katiba ya mwaka wa 2006 yataja lugha nne za taifa: kikongo, lingala, kiswahili na tshiluba. Nayo mikoa ni 26 tangu mwaka wa 2015. Katika nchi kubwa namna hii si ajabu watu wa upande mmoja wasiwajue watu wa upande wa pili. Jambo la ajabu ni kwamba wale wasiojuana ndio husema kwa hakika kubwa kuliko wote jinsi wenzao walivyo.

Jioni kando ya moto, sokoni, au juu ya lori, maneno haya husikika mara nyingi. Huyu husema: «Watu wa Kasai hupenda kutawala katika nyumba ya wenyewe.» Yule hujibu: «Watu wa Katanga hawapendi mgeni.» Mwingine huongeza: «Watu wa Kinshasa ni watu wa raha na maneno matupu.» Na huko Kinshasa husemwa: «Watu wa mashariki ni watu wa vita na siri.» Wasikilizaji hucheka, kisha kila mmoja huenda kulala.

Je, ni kosa kusema hivyo, au ni mchezo tu? Tena, je, hamna ukweli wowote ndani ya maneno hayo? Swali hili lataka jibu la taratibu, kwani atakayejibu upesi ataacha nusu ya haki.

Yaliyo ya kweli

Kwanza yafaa kukiri yaliyo kweli. Watu wa mikoa mbalimbali hawafanani katika yote. Wavuvi wa ziwani hawaishi kama wakulima wa mlimani, na desturi za ndoa za mahali pamoja si za mahali pengine. Hata katika mambo ya utawala, watu wa mikoa huweza kutofautiana sana.

Mfano wa wazi ni uchaguzi wa mwaka wa 2006. Siku ya 29 Oktoba watu wote wa nchi walichagua kati ya Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Katika mikoa miwili ya Kivu, zaidi ya watu 90 katika kila 100 waliopiga kura walimchagua Kabila. Katika mkoa wa Équateur, zaidi ya 90 katika kila 100 walimchagua Bemba. Mtu akisema hivyo hamsingizii mtu yeyote, amehesabu tu.

Kosa laanza pale mtu anapoacha hesabu na kujitia moyoni mwa watu, akisema: «Walichagua hivyo kwa sababu ndivyo damu yao ilivyo.» Hiyo si hesabu tena. Watu wa Kivu walikuwa wameona vita tangu mwaka wa 1996, na tena tangu mwaka wa 1998. Wengi wao walimshukuru yule waliyemwona kuwa ndiye aliyeleta mapatano. Watu wa Équateur nao walimchagua mtu waliyemjua kuwa ni wa kwao. Kila upande ulikuwa na sababu zake, na sababu za mtu huweza kuulizwa na kusikilizwa. Tena mwaka wa 2011, Kabila aliposimama mara ya pili, kura zake zilipungua sana katika mikoa ile ile ya Kivu, kwani amani iliyotazamiwa ilikuwa haijawafikia wote. Kama ni damu iliyochagua mwaka wa 2006, je, damu ile iligeuka katika miaka mitano? Watu waliona mengine, wakafikiri mengine. Ndivyo afanyavyo mwanadamu mwenye akili popote alipo.

Sifa ya watu hutoka wapi

Wengine watasema: «Basi, lakini sifa ya watu haitoki hewani. Palipo moshi pana moto.» Ni kweli kwamba haitoki hewani. Lakini mara nyingi hutoka katika mambo yaliyowapata watu, wala si katika tabia waliyozaliwa nayo.

Huko Kasai waliishi Walulua na Waluba, nao husema lugha moja, tshiluba. Mwishoni mwa karne ya 19 Waluba wengi walikimbia wawindaji wa watumwa, wakafika katika nchi ya Walulua bila mali wala mashamba. Wakajikusanya karibu na kituo cha serikali cha Luluabourg, mji uitwao leo Kananga, na karibu na misioni ya Mikalayi iliyoanzishwa mwaka wa 1891. Aliyepoteza shamba lake hushika kazi yoyote apewayo. Basi watoto wao waliingia shuleni mapema, wakawa makarani, mafundi na walimu. Walulua walikuwa na mashamba yao na wafalme wao. Hawakuona sababu ya kufanya haraka.

Wazungu waliotawala wakaona jambo hili, wakalipa jina. Waluba wakaitwa watu wa bidii na wa maendeleo, na Walulua wakaitwa wavivu na watu wa nyuma. Miaka ikapita, na watu wenyewe wakayaamini maneno hayo. Wasifiwao wakajivuna, na wadharauliwao wakaona uchungu. Uchungu huo ukashikamana na ugomvi wa mashamba na wa vyeo, na mwezi wa Oktoba 1959 damu ikamwagika. Waluba wengi wakayaacha makao ya miaka mingi, wakakimbilia upande wa Bakwanga, ndiyo Mbuji-Mayi ya leo.

Hapa pana mafundisho mawili. La kwanza: watu wa lugha moja walitengwa kwa maneno ya sifa tu, hata wakauana. La pili: hata sifa njema yaweza kuwa sumu. Anayesema «watu hawa wote ni hodari» amekwisha kusema, bila kutamka, kwamba jirani zao si kitu. Tena amewatia hao hodari katika hatari, kwani siku ya njaa watu watawatazama wao kwanza na kuuliza nani amekula.

Katanga na neno «bilulu»

Lakini yuko mtu atakayesema: «Sisi tumeonewa kweli. Je, tunyamaze?» Malalamiko yake yaweza kuwa ya haki. Yafaa kutazama yaliyotokea Katanga.

Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilihitaji wafanyakazi wengi kuliko waliopatikana karibu. Ikawatafuta mbali. Mwaka wa 1928 reli ya kutoka Bukama hata Port-Francqui, yaani Ilebo, ilikwisha kujengwa kupitia Kasai, na watu wa Kasai wakaja Katanga kwa wingi. Walichimba shaba, waliendesha magari ya moshi, waliandika vitabu vya hesabu, walifundisha shule. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa Katanga, wakasema kiswahili cha Katanga. Mwaka wa 1957 palipofanyika uchaguzi wa kwanza wa miji, hakuna hata mmoja wa wakuu wa mitaa ya Waafrika katika Elisabethville aliyekuwa mwenyeji wa Katanga. Wenyeji wakauliza: «Je, katika nchi yetu hatuna nafasi?» Swali hilo halikuwa la upuuzi. Mwaka wa 1958 wakaunda chama cha Conakat ili kujitetea.

Basi kosa liliingia wapi? Liliingia pale lalamiko juu ya vyeo lilipogeuzwa kuwa hukumu juu ya watu. Waliowaleta wafanyakazi na kugawanya vyeo walikuwa kampuni na serikali ya Wabelgiji, lakini hasira iliwashukia jirani wa mlango wa pili. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Katika kujitenga huko, yaliyodumu hata Januari 1963, Waluba waliteswa. Mwaka wa 1961 maelfu yao walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa katika Elisabethville. Wala watu wa Katanga wenyewe hawakuwa na moyo mmoja: Waluba wa kaskazini ya Katanga, wakiongozwa na Jason Sendwe, walikataa kujitenga. Asemaye «watu wa Katanga walitaka hivi» awasahau watu hao wote.

Miaka 30 baadaye mambo yale yakarudi. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Mkoa uliitwa Shaba siku zile. Watu wa Kasai wakaanza kuitwa «bilulu», yaani wadudu. Hapo ndipo pa kutazama sana, kwani mdudu haulizwi jina lake, wala halaumiwi kwa tendo alilotenda. Mdudu hufagiliwa tu. Katika Likasi mwaka wa 1992, kisha katika Kolwezi mwaka wa 1993, nyumba ziliporwa na watu wakafukuzwa. Mamia ya maelfu waliondoka. Walikaa penye vituo vya reli majuma na miezi wakingojea gari la moshi, na wengi walikufa kwa njaa na magonjwa. Wengi wao hawakuwa wameiona Kasai hata siku moja. Walikuwa wakipelekwa «kwao», mahali wasipopajua.

Je, wenyeji walipata nini? Madini yalikuwa yameanza kuanguka kabla ya hapo: mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka wa 1990, na mitambo ilikosa vipuri. Kampuni ya Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400 000 za shaba mwaka wa 1986, haikufikia tani 100 000 mwaka wa 1993. Kumfukuza fundi hakukuinua mgodi, na kumfukuza mwalimu hakukumfundisha mtoto. Aliyefukuzwa hakuwa ndiye aliyeleta umaskini, nao umaskini ukabaki pale pale.

Mbele ya baraza

Msomaji na afikiri juu ya baraza la kijiji. Mbuzi amepotea, na mtu mmoja ameshitakiwa. Shahidi asimama na kusema: «Ni yeye. Ametoka ng'ambo ya mto, na watu wa kule wote ni wezi.» Mzee mwenye hekima atamwuliza: «Je, ulimwona?» Shahidi akijibu: «Sikumwona, lakini najua watu wa kule,» mzee atamwambia aketi. Ushahidi huo hauna kitu ndani yake. Hata kama kule ng'ambo wako wezi mia, hilo halimhusu huyu asimamaye hapa.

Methali yasema: «Samaki mmoja akioza, wote wameoza.» Ni kweli kwa samaki waliomo katika kikapu kimoja, kwani samaki hawezi kutoka. Lakini mtu ana akili na mapenzi. Aweza kuwa katikati ya wezi asiibe, na aweza kuwa mwana wa watu wema akaiba. Ndiyo sababu sifa na lawama humfuata mtu kwa tendo lake mwenyewe. Katekumeni ajifunzaye amri ya nane anajua kwamba amekatazwa kumshuhudia jirani yake uwongo. Basi anayewashuhudia watu wa mkoa mzima, nao hawapo kujitetea, ametoa ushahidi mara elfu bila kuona hata mara moja.

Wengine husema: «Tunajilinda tu. Mgeni asiyejulikana huleta hatari.» Kujilinda ni haki. Mtu aweza kumwuliza mgeni jina lake, alikotoka na shughuli iliyomleta, tena aweza kutazama matendo yake siku nyingi kabla ya kumwamini. Hiyo ni busara. Lakini busara hungoja matendo. Anayehukumu kwa mkoa hangoji kitu, naye hujiona mwenye hekima.

Jinsi ya kutenda

Basi yafaa kushika mambo matatu. Kwanza, mtu atakaye kulalamika ataje tendo na mtendaji. Badala ya kusema «watu wa mahali fulani wametunyang'anya vyeo», aseme ni cheo gani, nani alikitoa, nani alikipokea, na kwa sheria gani. Lalamiko la namna hiyo laweza kupelekwa mbele ya mkubwa na kujibiwa. Lile la jumla haliwezi kujibiwa, laweza kulipizwa kisasi tu.

Pili, anaposikia watu wa upande mwingine wamechagua asivyochagua yeye, aulize waliona nini. Askari waliopora mashariki zamani za Mobutu walisema lingala. Ndiyo sababu wazee wengi wa huko huchukizwa na lugha hiyo. Askari walioingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997 wengi wao walisema kiswahili. Ndiyo sababu wengi wa huko walikiogopa kiswahili. Lakini lugha haikupora kitu. Lingala ile ile mama wa Mbandaka humbembelezea mtoto wake, na kiswahili kile kile mama wa Kindu humwitia wake.

Tatu, asicheke. Neno «bilulu» halikuanza na panga. Lilianza katika vinywa vya watu waliocheka, na waliosikia wakanyamaza. Mtu mmoja akiuliza kwa upole, «Ni nani uliyemwona akitenda hivyo?», mara nyingi maneno hukatika palepale.

Maswali ya kufikiri

1. Kuhesabu kura za mkoa na kuhukumu mioyo ya watu wa mkoa vyatofautianaje?
2. Kwa nini sifa njema iliyotolewa kwa watu wote wa kabila moja iliwadhuru Walulua, na Waluba pia?
3. Katika kijiji chako, ni watu gani wasemwao vibaya kwa jumla? Ni nani kati yao unayemjua kwa jina, na umeona tendo lake lipi?