Je, Kisulisuli Kinatafuta Mwenye Zambi?



Msimu wa mvua uliopita, saa tisa ya mchana, upepo wa kisulisuli ulipita katika kijiji kimoja cha Katanga ambamo tuna kanisa dogo. Wingu jeusi lilishuka upande wa mto, vumbi likainuka na kuzunguka kama jiwe la kusagia. Mama aliyekuwa ameweka maji ya bukari motoni, hayajachemka bado, upepo ulikuwa umekwisha kupita.

Uliondoa manjanja ya nyumba ya maombi na ya darasa moja la shule. Uliharibu nyumba tatu na gala mbili za mahindi. Miembe ilianguka, mihogo ikalala chini. Mtoto mmoja alivunjika mkono. Hakuna aliyekufa, na kwa hiyo tunamshukuru Mungu.

Lakini katikati ya uharibifu huo, nyumba moja ya majani haikuguswa. Ni nyumba ya nkambo mmoja, mjane, asiye na mtoto karibu. Jioni ile ile maneno yakaanza: “Kwa nini yeye tu?” Siku ya pili watu hawakumpa moto. Siku ya tatu watoto walimtupia mawe kisimani. Vijana wakatujia sisi mashemasi, wakitaka maombi yafanywe ili jina la aliyetuma upepo litajwe mbele ya watu.

Na sisi tulifanya nini? Tulinyamaza. Tunaungama jambo hili hapa mbele yenu. Hatukumshitaki nkambo, lakini hatukumtetea. Tulisema moyoni kwamba ni vizuri kungoja watu watulie. Wakati tunangoja, mama mzee alikuwa analala peke yake bila moto.

Basi tuulize: je, upepo unachagua?

Watu wa elimu wamechunguza pepo za namna hii. Mwaka 1971 Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefundisha Chicago, alizipanga kwa madaraja kufuata uharibifu zinaoacha, akianza na sifuri. Marekani walirekebisha mpango ule mwaka 2007. Katika daraja la sifuri upepo unakadiriwa kilometa 105 mpaka 137 kwa saa. Huo ndio unaitwa zaifu! Unavunja matawi na kung’oa manjanja yasiyopigiliwa vizuri. Huko Marekani visulisuli vinapita 1,000 kwa mwaka, na vingi ni vya madaraja ya chini. Kisulisuli kinazaliwa katika wingu la ngurumo, na njia yake mara nyingi ni nyembamba. Kinaweza kubomoa nyumba moja na kuacha ya jirani, bila kujua nani anakaa ndani.

Nyumba ya nkambo iko nyuma ya kichuguu kikubwa. Pengine kichuguu kiliikinga. Pengine njia ya upepo ilipinda tu. Nyumba ya maombi ilisimama mahali wazi, na manjanja yake tuliyapigilia kwa misumari michache, kwa sababu tulitaka kubakiza franga. Kabla ya kumtafuta mchawi, ilifaa tuhesabu misumari yetu.

Wengine watasema: “Kama si uchawi, basi ni azabu ya Mungu.” Tufikiri pia juu ya neno hili. Tarehe 27 Machi 1994, siku ya Mungu ya Matawi, kisulisuli chenye nguvu nyingi kuliko hicho chetu kilibomoa kanisa la Goshen, katika Alabama, Marekani, watu wakiwa katika ibada. Watu 20 walikufa mle ndani, na watoto walikuwa kati yao. Nani atasimama na kusema kwamba hao waliokuja kuomba walikuwa na zambi kuliko waliobaki nyumbani? Bwana Yesu mwenyewe aliambiwa jambo kama hili. Akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kusema kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine (Luka 13:4-5). Hakuwapa watu mtu wa kumshitaki. Aliwaambia watubu wao wenyewe.

Tumwangalie na Ayubu. Upepo ulipiga pembe nne za nyumba, watoto wake wakafa (1:19). Rafiki zake walikuja, wakaketi wakitafuta kosa lake. Mwishoni Mungu alisema toka kisulisuli (38:1). Hapo ndipo mahali pa kutaja mwenye zambi, kama angetaka. Lakini hakutaja zambi yoyote iliyoleta upepo ule. Hasira yake iliwaka juu ya wale rafiki, kwa sababu walisema kwa ajili ya Mungu maneno yasiyo ya kweli (42:7).

Neno hili linatugusa sisi zaidi, kwa maana kanisa letu linaamini kwamba Mungu anasema kwa kinywa cha watumishi wake. Anayeamini hivyo anapaswa kuogopa mara mbili kutia neno katika kinywa cha Mungu. Kama katika kisulisuli chake mwenyewe Mungu hakumshitaki mtu, mshemasi atapata wapi ruhusa?

Siku ya nne tulikwenda kwa nkambo, sisi mashemasi wote, na moto na unga. Tuliomba musamaha. Hakusema mengi. Aliangalia juu, akatuambia: “Ingieni, mvua inakuja.” Tukaingia, tukaketi chini ya majani yale yale tuliyoacha yashitakiwe.

Tangu hapo darasa la shule limefunikwa tena, na safari hii misumari ni mingi, na miti ya paa imefungwa kwa waya.

Wapendwa, upepo mwingine utapita, kwenu au kwetu. Siku hiyo msiulize kwanza: “Nani ameutuma?” Ulizeni: “Nani analala inje leo? Nani hana moto?” Swali la kwanza linazaa mawe mikononi mwa watoto. Swali la pili linajenga nyumba. Na mshemasi anayenyamaza kati ya maswali haya mawili, ajue kwamba amekwisha kuchagua.

Bwana atusaidie. Amina.